Hesabu matairi kwanza: malori ya Lubumbashi na kazi zao

Mwulize kijana wa Katuba au Kampemba lile lori linalopita ni la aina gani, atakujibu bila kusita: Howo, Shacman, Actros, FAW. Amejibu, lakini ametaja kiwanda tu. Howo moja yaweza kuwa bene (lori la kumwaga) ya mchanga, ya pili siterne (lori la tangi) ya maji, ya tatu mashine ya kuchanganya zege, na ya nne kichwa kinachovuta remorke (tela) ya shaba mpaka bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo maana mabishano ya malori hapa kwetu hayaishi: mmoja anataja kiwanda, mwingine anataja kilichoko mgongoni mwa gari, wa tatu anahesabu matairi, na wote wanadhani wanazungumzia jambo moja.

Maswali ni matatu, na huulizwa kuanzia chini kwenda juu. Gari limeungwaje, na lina ekseli ngapi? Limewekewa bodi gani? Nani kalitengeneza?

La kiwanda tulimalize sasa hivi lisitusumbue mbele. Malori ya Kichina yameenea Katanga kwa sababu likiwa jipya bei yake iko chini ya ile ya Ulaya, vipuri vyake havitafutwi kwa tochi, na makampuni mengi ya migodi yenyewe ni ya Kichina. Actros, Scania na Volvo zina wapenzi wao kwenye safari ndefu, hasa kwa ajili ya ulaji wa mafuta na raha ya shofere anayelala ndani. Ila kompyuta ya injini ikigoma katikati ya Likasi na Kolwezi, nyundo na spana hazitoshi. Kwa maoni yangu, anayelinganisha Howo na Actros bila kutaja njia wala mzigo hajaanza hata kulinganisha.

Turudi chini, kwenye magurudumu.

Lori la kwanza ni lile la mwili mmoja: kabini na sehemu ya mzigo vimekaa juu ya chesi moja isiyokunjika. Humo kuna Canter ndogo ya tani tatu au nne inayozunguka kati ya masoko na maghala ya mjini, kuna Fuso inayopanda na mahindi na magunia ya makala (mkaa) kutoka vijijini, na kuna mabene makubwa ya ekseli tatu au nne. Faida yake ni kugeuka mahali padogo na kupita njia mbovu bila kupindapinda. Hasara yake ni kwamba gari na mzigo haviachani: wakati vibarua wanapakia, injini uliyoinunua kwa maelfu ya dola imekaa tu inasubiri.

Lori la pili ni kichwa na remorke. Kichwa chenyewe hakibebi kitu. Nyuma yake kuna sahani nene ya chuma yenye mdomo, na chini ya remorke kuna msumari mnene wa chuma unaoingia mdomoni humo na kufungwa. Remorke ya namna hii haina magurudumu ya mbele, kwa hiyo sehemu ya uzito wake inalala juu ya kichwa, na hapo ndipo magurudumu ya kichwa yanapopata nguvu ya kushika barabara. Msafirishaji mwenye akili ananunua remorke nyingi kuliko vichwa. Kichwa kinaacha remorke mgodini ipakiwe, kinachukua nyingine iliyokwisha kujaa, kinaondoka.

Kuna pia remorke mbili zinazofuatana nyuma ya kichwa kimoja, zile ndefu zinazopanda kutoka upande wa Afrika Kusini. Ya kwanza ni fupi na ina sahani yake nyuma, ambamo ya pili inajifunga. Zina viungo viwili vinavyokunja. Kwenda mbele si taabu sana. Kurudi nyuma ni ufundi ambao mashofere wengi wazuri hawana, na ukiwa dereva wa gari dogo ukakutana na moja inajaribu kurudi langoni, zima injini usubiri.

Halafu kuna zile namba zinazoandikwa kwenye mlango au kwenye karatasi za mauzo: 4x2, 6x4, 8x4. Namba ya kwanza ni idadi ya ncha za ekseli, yaani mahali gurudumu linapofungwa, na tairi mbili zilizobanana huhesabiwa kuwa moja. Namba ya pili ni ngapi kati ya hizo zinasukumwa na injini. Basi 6x4 ina ekseli tatu, na zile mbili za nyuma zote zinasukuma. Matairi yake ni kumi: mawili mbele, manane nyuma. Ukiongeza remorke ya ekseli tatu yenye matairi 12 unapata 22, na hilo ndilo lori la kawaida kabisa kwenye njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ile ya remorke mbili huwa na ekseli saba na matairi 26.

Kwa nini matairi yote hayo? Kwa sababu barabara haijali lori lina uzito gani kwa jumla. Inajali kila ekseli inaikandamiza kiasi gani. Ukivuka Kasumbalesa ukaenda mpaka Dar es Salaam, unakutana na mizani baada ya mizani. Tanzania, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za pamoja zenye matairi pacha, 24 kwenye ekseli tatu za pamoja, na jumla isipite tani 56. Sasa piga hesabu ya lori letu la matairi 22: 8 na 18 na 24 ni tani 50. Toa uzito wa kichwa na remorke vikiwa vitupu, kama tani 17, inabaki 33. Ile ya remorke mbili, kwa hesabu ya ekseli peke yake, ingefika 62, lakini sheria inaikata kwenye 56, na chuma chake kitupu nacho ni kizito zaidi. Ndiyo sababu makampuni tofauti, malori tofauti, mizigo tofauti, yote unasikia yamebeba tani thelathini na kitu. Si kwamba wamepatana.

Anayezidisha anajiona mjanja. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake: ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi, inaharibu mara mbili. Ukiizidishia mara mbili, inaharibu mara kumi na sita. Gari dogo la nyumbani, kwa hesabu hiyo, haliharibu kitu. Mvua ikianza Novemba na maji yakaingia chini ya lami, hesabu inazidi kuwa mbaya, na mashimo unayoyakwepa kwenye njia ya Likasi yalikwisha kuchimbwa na ekseli zilizozidiwa wakati wa kiangazi. Peaje, ada ya barabara, tunalipa wote.

Baada ya ekseli, panda juu uangalie bodi.

Hapa Katanga bodi yenye maana kuliko zote ndiyo isiyo na sura: plato, sakafu tupu ya chuma au mbao bila kuta. Inabeba katodi za shaba, yale mabamba ya karibu mita moja kwa mita moja yanayofungwa kwa mikanda ya chuma katika vifurushi vya tani mbili na zaidi. Mgeni akiliona lori la katodi hudhani limerudi tupu, kwa maana vifurushi vimekaa chini chini, vimeachana, na nafasi kubwa ya sakafu iko wazi. Lakini mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Tani 30 za shaba, ukiziyeyusha ukazimimina, hazijazi hata mita nne za ujazo. Vifurushi vinaachanishwa kwa makusudi ili uzito ugawanyike kwenye ekseli zote. Vikisogezwa mbele kupita kiasi kichwa kinalemewa, vikirudishwa nyuma sana magurudumu yanayosukuma yanakuwa mepesi na gari linateleza kwenye kilima.

Plato inachaguliwa pia kwa sababu foklifti inaweza kupakia kutoka ubavuni, haraka, bila kuingia ndani. Ubaya wake unaeleweka: mali iko peupe. Ndiyo maana wengine wanaifunika turubai, wengine wanaweka shaba ndani ya kontena, na malori mengi ya shaba husafiri kwa msafara na chombo cha kufuatiliwa kwa setilaiti. Kobalti yenyewe huondoka hapa kama unga wenye unyevu, ndani ya mifuko mikubwa ya tani moja hivi, mingi ikiwa chini ya turubai.

Lori la makala ni kinyume chake kabisa. Fuso imepandishiwa magunia mpaka imekuwa ndefu kwenda juu kuliko ilivyo kwa urefu, watu wawili wamekaa kileleni, na kila mtu barabarani anaogopa uzito wake. Uzito si tatizo kubwa hapo. Makala ni mepesi, nafasi ndiyo inayoisha kwanza. Tatizo ni kimo. Mzigo mwepesi uliopandishwa juu sana unaangusha gari kwenye kona ambayo lori la shaba linapita taratibu bila kutetereka.

Sasa siterne, na hapa naomba usome polepole kwa sababu kuna maisha ya watu ndani yake.

Tangi la mafuta ni nene na refu. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ni kama gramu 840, kwa hiyo lita 40,000 ni tani 33 na nusu. Tangi la tindikali ya salfa, ile asidi inayotumika migodini kuyeyusha shaba kutoka kwenye udongo, ni jembamba, na mara nyingi lina pete za chuma kwa nje. Watu hudhani hilo jembamba limebeba kidogo. Asidi iliyokolea ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita, kwa hiyo lita 18,000 tu zinafika tani 33. Tangi kubwa kama la mafuta likijazwa asidi, ekseli zingevunjika kabla ya kutoka langoni. Wembamba wa tangi, basi, ni onyo ambalo hata asiyejua kusoma anaweza kuliona.

Ndani ya tangi la mafuta kuna vyumba kadhaa, na ndani ya vyumba vikubwa kuna kuta zenye matundu. Kazi yake ni kuzuia maji ya mzigo yasikimbie. Shofere akikanyaga breki, mafuta hayana breki; yanaendelea mbele yagonge ukuta wa tangi na kulisukuma gari. Kwenye kona yanapanda upande mmoja. Tangi lililojaa nusu ni la hatari kuliko lililojaa, maana ndimo mzigo unapopata uwanja wa kukimbilia. Shofere wa siterne anayekwenda polepole mbele yako hakucheleweshi kwa kiburi.

Tafuta kibao cha rangi ya machungwa ubavuni au nyuma. Juu yake kuna namba ya tarakimu nne ambayo ni ileile dunia nzima: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1830 ni asidi ya salfa. Namba hizo tatu zinatosha kwa njia zetu nyingi.

Tunazihitaji kwa sababu tunajua kilichotokea. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu Kusini, siterne ya mafuta ilianguka, watu wakakusanyika, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 230. Februari 2019, karibu na Tenke, kwenye njia yetu hii ya Kolwezi, lori la asidi liligongana na magari mengine, na watu karibu ishirini walikufa, wengine kwa kuunguzwa na ile asidi. Mafuta yaliyomwagika hayahitaji kiberiti. Mvuke wa petroli husafiri chini chini na kuwakia kwenye injini ya pikipiki iliyoko mbali. Asidi yenyewe haiwaki, lakini ikikutana na maji kidogo inachemka na kurusha matone. Kwa hiyo usimwage ndoo moja juu ya dimbwi la asidi ukidhani unasaidia. Kwa mtu aliyemwagikiwa ni tofauti: mwondoe nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, dakika kumi na tano au zaidi, bila kusubiri daktari. Na wewe mwenyewe usiikanyage wala kuishika unapomsaidia.

Si kila tangi limebeba mafuta au asidi. Yale yenye mkia wa faneli chini, kama matone makubwa yaliyoning'inia, yamebeba unga: saruji, au chokaa kutoka upande wa Ndola, Zambia, na hupakuliwa kwa kusukumwa na hewa kupitia bomba.

Bene inajulikana na kila aliyejenga hata choo. Jeki ya mafuta inainua sanduku, mlango wa nyuma unafunguka, mzigo unateremka. Kwa bene nina neno moja kwa wanunuzi. Muuza mchanga anakuuzia «bene moja» kana kwamba hicho ni kipimo. Chukua futi ya fundi: sanduku la urefu wa mita 5, upana wa 2.3 na kimo cha 1.3 lina mita 15 za ujazo likijaa usawa. Jirani yako aliyenunua «bene moja» huenda alipata nane. Mchanga wa mita 15 unakaribia tani 24, na ukiwa umelowa unapita hapo, kwa hiyo aliyekuja na lori dogo la ekseli mbili akakuapia kwamba ni mita 15, chesi yake imekwisha kumkana. Upande wa madini ni hivyohivyo: bene inayopeleka mawe kwenye soko la Musompo, Kolwezi, inaonekana haijajaa kwa sababu mawe yenye madini yanamaliza uzito kabla ya nafasi.

Bene huanguka zaidi ikiwa imesimama kuliko ikiwa inakimbia. Sanduku likiinuka, uzito wote unapanda juu. Ardhi ikiwa laini upande mmoja, au mzigo ukiwa umeganda kwenye kona, gari linalala ubavu. Kwa ajili hiyo remorke nyingi za salfa na za madini humwagia pembeni badala ya nyuma. Na kila mwaka yupo anayesahau kuteremsha sanduku, akaondoka nalo na nyaya za umeme za mtaa mzima.

Usichanganye bene ya barabarani na yale madude ya ndani ya mgodi. Caterpillar 777, kwa mfano, hubeba kama tani 90 kwa safari moja na upana wake unapita mita sita. Haliruhusiwi kukanyaga lami hata siku moja. Linafika mgodini likiwa vipandevipande juu ya lobedi, ile remorke iliyoshushwa karibu na ardhi ili mzigo mrefu upite chini ya nyaya na madaraja, lori lenye gari la kuliongoza mbele na taa za manjano.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Remorke ya kontena ni mifupa mitupu yenye vifungo pembeni. Kifungo kisipozungushwa, kontena halishikwi na chochote ila uzito wake, kwa hiyo usiliendeshe gari lako sambamba nalo kwenye kona. Ukiona kontena fupi la futi 20 juu ya mifupa, mara nyingi lina mzigo mzito kama shaba au mashine; la futi 40 mara nyingi lina mzigo wa kujaza nafasi, matandiko, nguo, vyombo. Remorke yenye pazia pembeni inafaa unga na bidhaa za katoni, kwa sababu inafunguka ubavu wote na bado inakinga mvua. Lori la zege linazungusha pipa lake ili zege isigande, na ina kama saa moja na nusu tu kabla ya kuharibika.

Lori la baridi linastahili zaidi kidogo. Samaki wa baridi tunaokula na bukari (ugali), wale wanaopandishwa kutoka Namibia, husafiri humo kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Wengi wanafikiri lori hilo linagandisha. Halina nguvu hiyo. Linalinda baridi ambayo samaki waliingia nayo. Mashine yake ya baridi ina injini na tangi lake la dizeli, na inaendelea kunywa hata kichwa kikiwa kimezimwa kwenye foleni ya Kasumbalesa. Siku mbili za ziada mpakani zinaingia kwenye bei ya sokoni, na dizeli hiyo ikiisha usiku bila mtu kujua, samaki wanayeyuka na kugandishwa tena. Barafu nyingi chini ya katoni ni dalili yake.

Kitu cha mwisho cha kuangalia ni usukani uko upande gani. Kongo tunaendesha kulia. Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, na malori yao yana usukani kulia. Yakivuka Kasumbalesa yanahamia upande wetu, lakini shofere anabaki amekaa upande wa majani, si upande wa katikati ya barabara. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake haoni kinachokuja mpaka kichwa chote kimetoka nje. Anategemea macho ya kovwayere, msaidizi wake, aliyekaa kushoto. Malori yetu yanapata taabu hiyohiyo yakishuka kwao. Basi ukiona kibao cha namba cha Zambia au Tanzania mbele yako kwenye zile kilomita 90 za kutoka mpakani, acha nafasi ndefu kuliko uliyozoea, na ukiwa unatoka upande wa pili, washa taa hata mchana.